Meneja na Vinywa vya Kuazima

Mdomo wangu naujua. Tumekaa pamoja miaka ishirini na saba na haujawahi kusema kitu ambacho sijautuma. Wapo watu wanaoropoka, wapo wanaoongea usingizini, wapo wanaoapa asubuhi na kukana jioni. Mimi simo. Likitoka neno hapa, ujue nimelipima, nimelikunja vizuri, ndipo nikalitoa.

Sasa niwaambie kuhusu mtoto wa dada yangu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mbele ambamo dada anashonea. Dada ni fundi cherehani. Chumba kina cherehani moja ya kukanyaga, meza ya kukatia vitambaa, kioo cha wateja chenye ufa pembeni, na sare za shule zimetundikwa ukutani kwa mpangilio wa saizi, ndogo hadi kubwa, kama familia iliyopigwa picha bila vichwa. Mimi nilikuwa nimeegemea meza, simu sikioni, naongea na msichana wa duka la dawa ambaye nilikuwa nimemfuatilia kwa miezi minne. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Nilimwambia kila nikiingia dukani kwake nasahau ninaumwa nini. Akacheka. Nikamwambia kuna kitu kimoja nimekuwa nikitafuta nafasi ya kumwambia.

"Kiseme," akasema.

"Nataka kukojoa," nikasema.

Sikuwa nataka kukojoa. Nilitazama chini. Mtoto wa dada, miaka minne wakati huo, alikuwa amesimama kando ya goti langu, miguu ameipishanisha kama mkasi, ananitazama kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kutoa agizo.

Dada hakuinua kichwa. "Mpeleke," alisema, "kabla hajalowesha sakafu."

Nikampeleka. Msichana wa duka la dawa hakupiga tena.

Mtoto huyo tunamwita Meneja. Hadi siku ile alikuwa na sauti tatu: "ma", "ee", na nyingine ya puani aliyoitumia kwa mambo yote yaliyobaki duniani. Lakini kidole chake kilifanya kazi ya watu sita. Alikaa juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia, akaonyesha: kile kije hapa, yule aondoke pale, dirisha lifungwe. Na kila mtu alitii, wateja wakiwemo. Jina lilikuja lenyewe.

Baada ya Jumamosi ile tulijifunza taratibu zake. Meneja akitaka kusema neno na neno likamkatalia, linatokea kwenye kinywa cha aliye karibu zaidi. Linatoka kwa sauti ya mwenye kinywa, na kikohozi chake kama anacho. Koo linapata joto kidogo, kama umemeza chai iliyosahaulika mezani, halafu unajisikia ukiongea. Dada alipima umbali kwa ile futi ya kitambaa anayoivaa shingoni, akapata mita moja na nusu. Zaidi ya hapo neno halifiki. Wakiwa wawili, linakwenda kwa wa karibu. Huyo wa karibu akiwa amelala, analisema akiwa amelala. Shemeji yangu ni dereva wa lori, na Jumapili mchana hulala kwenye mkeka kwa ajili ya wiki nzima. Meneja alikuwa akichuchumaa karibu na sikio lake, na shemeji, macho yamefungwa, anasema, "Baba, amka tucheze." Kisha anaamka. Alituambia hajawahi kuamshwa na mtu anayemjua vizuri hivyo.

Mtaa ulizoea ndani ya miezi miwili. Msoma mita za maji alisimama mlangoni akasema, "Mama, huyu ana viatu vya matope, asiingie," akavivua, akaingia kusoma mita kwa soksi. Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo akiwa na gauni jipya, akasema, "Limembana mgongoni," akalivua lilegezwe. Alilipa vizuri tu. Alisema ni mara ya kwanza kupewa ukweli katika chumba cha fundi.

Hospitali walikwenda Meneja alipofika miaka mitano. Daktari wa watoto alichukua damu, damu ikapelekwa mbali, na majibu yakarudi baada ya miezi mitano. Siku ya majibu mama mkwe wa dada alikwenda pia, maana alitaka kujua kosa ni la nani. Alimpakata Meneja.

"Ndani ya kila chembe ya mwili," daktari alisema, "kuna maelekezo ya kumjenga mtu. Ni marefu sana. Kwa huyu, kwenye jeni moja, kipande kidogo hakipo. Kusikia anasikia, kuelewa anaelewa. Neno linakamilika kichwani. Ila ubongo ukitaka kuituma midomo, kisha ulimi, kisha taya, kila kimoja kwa zamu yake, zamu zinachanganyika."

"Hicho kipande kimepotelea upande gani?" aliuliza mama mkwe. "Kwa sababu kwetu sisi hakuna aliyewahi kupungukiwa maneno."

"Hilo naliona, mama," daktari alisema. "Hakikupotelea kwa baba wala kwa mama. Kilikosekana chenyewe, mtoto alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kuumbwa. Hakuna aliyekosea."

Mama mkwe alionekana kusikitika kidogo, kama mtu aliyesafiri mbali akakuta ofisi imefungwa. Kisha akasema, "Bibi, unanibana," akalegeza mikono.

"Atasema?" aliuliza dada.

"Kwa mazoezi. Kidogo kidogo. Hesabuni miaka, msihesabu wiki," alijibu daktari. Akaongeza, "Na mikono yako ni ya baridi." Akaisugua mikono yake, akaendelea kumpima.

Mazoezi yalikuwa kwa mtaalamu wa usemi, msichana mwembamba aliyefika hospitali ile siku mbili kwa mwezi, kwa sababu siku nyingine alikuwa anagawanywa kwa hospitali nyingine nane. Walikaa yeye na Meneja mbele ya kioo. Mtaalamu alimgusa kidevu, akamgusa mdomo wa juu, akapiga kofi moja kwa kila silabi. Pa. Pa. Pa. Walipuliza maji kwa mrija, walipuliza puto, walitoa ulimi kama wanaotaniana. Baada ya mwaka mmoja Meneja alipata "pa", na baada ya miezi minne mingine akaiunganisha na "ma". Siku aliyosema "mapa" akimaanisha mkasi, dada alifunga cherehani hadi kesho yake, na wateja waliokuja walielezwa sababu wakaona ni ya haki.

Dada alimuuliza mtaalamu kama vinywa vya watu vinamharibu.

"Ni sawa na picha au ishara za mikono," mtaalamu alijibu. "Chochote kinachofikisha ujumbe wake, mwacheni akitumie. Hakitamzuia kujifunza kusema mwenyewe. Muhimu mazoezi yasikatike." Halafu akasema, "Leo sitaki kioo," akakigeuza kioo ukutani, wakafanya puto.

Shule iko mwisho wa barabara yetu. Sare zake anashona dada. Kila asubuhi Meneja alikaa kizingitini kuzikagua zikipita na watoto ndani yake, na kila mtoto aliyepita karibu na mlango alisema, "Ningojeni," kisha akaendelea na safari. Walimu walishazoea kusikia kwamba njiani kila mtu amemwomba mwenzake amngoje. Ilichelewesha gwaride kidogo.

Tatizo lilikuwa kipimo. Mtoto haandikishwi darasa la kwanza bila kupimwa usemi. Meneja alipimwa akiwa na miaka sita, wakaandika arudi mwakani. Akapimwa akiwa na saba, wakaandika arudi mwakani. Safari hii alikuwa na minane na ilikuwa ya mwisho. Akirudishwa mara ya tatu, hafiki tena kwenye meza ya kipimo. Anapelekwa chumba cha nyuma, kile kinachoitwa darasa la maandalizi, ambako watoto wameandaliwa tangu kabla sijazaliwa na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa tayari. Wanapanga vibao vya rangi. Wanavipangua. Na Meneja wakati huo alikuwa anasoma. Alisoma karatasi za kwenye vibunda vya uzi, alisoma magazeti ya kufungia, kupitia mteja yeyote aliyekaa vizuri.

Dada alikuwa na sare sitini za kumaliza wiki ile, shemeji alikuwa njiani na lori, kwa hiyo nilitumwa mimi. Nina cheti cha sekondari na nafanya kazi duka la fotokopi, yaani fomu ni ndugu zangu.

"Kazi yako ni moja," dada aliniambia, pini mbili mdomoni. "Kaa karibu naye. Funga mdomo wako, mwachie atumie yeye."

"Naweza."

"Hujawahi kuweza."

"Dada, nina miaka ishirini na saba sasa."

"Ndiyo maana nasema hujawahi. Ungekuwa na mitatu ningesema labda."

Chumba cha kipimo kilikuwa na meza nyembamba, viti vitatu na kabati la mafaili lililofungwa kwa kamba ya katani. Nje, kwenye benchi, walikaa wazazi tisa na watoto wao. Mwalimu mpimaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni, sauti nzito ya mtu aliyekemea madarasa mengi. Mezani alikuwa na kadi ishirini za picha na fomu. Fomu ile naijua. Naitoa fotokopi mimi mwenyewe, nakala mia tatu kila muhula, pande mbili. Sikuwa nimewahi kuisoma.

Mwalimu aliisoma kwa niaba yangu. Ilisema ndugu wa mtoto akae mlangoni, asije akamsaidia.

"Lakini mimi ndiye kinywa chake," nilisema.

"Kila ndugu anasema hivyo," alijibu, bila ubaya. "Mlangoni, kijana."

Kutoka mlangoni hadi kwa Meneja palikuwa na mita nne. Kutoka kwa Meneja hadi kwa mwalimu palikuwa na upana wa meza.

Mwalimu aliinua kadi ya kwanza. "Hii ni nini?"

"Mbuzi," mwalimu alijibu.

Akaandika sifuri. Akainua ya pili. "Na hii?"

"Mwavuli," alijibu. "Lakini hauna mpini. Atashikia wapi?"

Aliigeuza kadi, akaitazama kwa makini, akatikisa kichwa kukubali, akaandika sifuri.

Walikwenda hivyo hadi kadi ya ishirini. Mwalimu aliuliza, mwalimu akajibu, mwalimu akaandika. Hakukosea hata moja. Kwenye picha ya daktari alisema, "Huyu anapaswa kusugua mikono kwanza." Mwisho alimwomba mtoto asimulie alichofanya jana, na kwa dakika tatu nzima mwalimu alisimulia, ile sauti yake ya kukemea imelainika: "Jana nilihesabu vifungo. Vilikuwa arobaini na viwili. Mama alisema ni arobaini na kimoja. Tukakitafuta chini ya cherehani, tukakitafuta kwenye viatu, mama akachoka. Kilikuwa mfukoni kwangu. Nilitaka tutafute pamoja." Alipomaliza alitabasamu, kwa kuwa kilikuwa kisa kizuri. Akavaa miwani, akaandika: Hakusimulia.

"Mwalimu," nilisema kutoka mlangoni, "si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Amejibu zote. Mtoto mwerevu sana huyu." Alimtazama Meneja kwa upendo, sisemi uongo. "Kwangu ni wa tatu mwaka huu. Kuna mmoja aliniimbisha."

"Basi mwandikie."

"Nimwandikie wapi?" Alinigeuzia fomu. Palikuwa na safu moja tu: Jibu lililotoka kinywani mwa mtoto. "Sauti iliyosikika ni yangu. Nikijaza alama ishirini hapa, atakayeandikishwa darasa la kwanza ni mimi."

"Na barua ya mtaalamu wa usemi?"

"Imo kwenye faili. Barua nzuri kweli. Nimeisoma mara mbili."

Kisha akaniita mezani, kwa kuwa chini ya fomu kuna mstari wa shahidi. Uliandikwa: Nathibitisha kwamba mtoto hakutamka neno. Mwalimu, ambaye ni mtu wa haki kwa kiasi cha fomu, alinieleza vizuri. Shahidi akisaini, jambo limekwisha leo, mtoto anakwenda chumba cha nyuma. Shahidi akikataa, fomu haifungwi. Inapanda kwa kamati, na kamati ni watu watatu ambao hawana budi kuja kumwona mtoto kwa macho yao, nyumbani kwake, bila kadi.

"Kuna shahidi aliyewahi kukataa?" niliuliza.

"Bado," alisema, akanipa kalamu.

Hapa naomba msikilize vizuri, maana ndipo palipohitaji mwanamume. Niliishika ile kalamu. Niliitazama. Nikaiweka mezani, taratibu, isibingirike. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimesoma. Siwezi kuthibitisha kwamba mtoto hakusema, wakati nimemsikia akisema mambo ishirini na kisa kimoja cha vifungo." Nikamwambia fomu zimetengenezwa na watu, na watu wanaweza kuongeza safu. Nikamwambia niko tayari kuiongeza safu hiyo kwa mkono wangu dukani, nakala mia tatu, pande mbili. Wale wazazi tisa kwenye benchi walisikia, mmoja akasimama, wengine wakamfuata, na mzee mmoja alinishika mkono akasema laiti angekuwa na mjomba kama mimi. Mwalimu alivua miwani. Nadhani alikuwa anafuta machozi, lakini sikutaka kumwaibisha kwa kuangalia sana. Nikamchukua Meneja, tukatoka vichwa juu.

Hivyo ndivyo nilivyomsimulia dada jioni ile, neno kwa neno, nikiwa nimesimama katikati ya chumba cha kushonea na mkono mmoja hewani. Dada aliacha kukanyaga cherehani. Sikumbuki lini nilimwona dada akiacha kukanyaga kwa ajili ya maneno yangu. Uso wake ulifunguka. Alianza kutazama chumba kwa macho ya mtu atakayepokea wageni watatu: kiti kipi kina mguu mbovu, chai itoke wapi.

"Kwa hiyo kamati inakuja," alisema. "Inakuja lini?"

Nilivuta pumzi ili niseme kwamba mambo ya kamati huchukua muda. Koo likapata joto.

"Haiji," nikasema.

Meneja alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, pembeni yangu kabisa. Ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa goti.

"Haiji vipi?" dada aliuliza.

"Mjomba alisaini," nikasema. "Nilimwambia asisaini. Nilisema, 'Usisaini, mjomba,' kwa mdomo wake yeye mwenyewe, mwalimu akasikia. Mjomba akacheka. Akasema anachelewa dukani. Akasaini, ile saini yake yenye mkia mrefu."

Nilifunga mdomo. Hatua mbili nyuma zingetosha kunitoa kwenye mita moja na nusu, na miguu yangu ilikuwa mizima. Dada hakunitazama. Alimtazama mwanawe.

"Endelea, mama," alimwambia.

Nikaendelea.